Bi Stefka na Dubu wa Plasta

Bi Stefka Wojtas hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Rakuni, yule mnyama mwizi wa majalala, alipoingia jikoni kwake na kukalia mkate, alimkamata shingoni kwa glavu za oveni, akamtupa nje, akarudi kumalizia chai yake. Binti yake Marzena alimzalia ndani ya gari, katikati ya foleni ya barabara kuu, huku mumewe amezirai kwenye usukani na yeye ndiye anayempepea. Hata mkaguzi wa vituo vya watoto, ambaye kazi yake ni kuwatisha watu, akifika kwake hupangusa viatu mara mbili kabla ya kupiga hodi.

Lakini mwonyeshe sindano. Mwonyeshe tu, hata ya kushonea ukiwa umeishika vibaya. Jasho linamtiririka, na anakumbuka ghafla kwamba ameacha kitu motoni.

Mji wetu mdogo hapa kaskazini mwa New Jersey haukulijua jambo hilo, na Bi Stefka alikuwa amejitahidi kweli kweli usilijue. Yeye ndiye mwenye Vifaranga, kituo cha kulelea watoto kilichoko ghorofa ya chini ya nyumba yake. Na sheria ya jimbo inasema hivi: mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye hajachanjwa mafua kufikia tarehe thelathini na moja Desemba, haingii kituoni mpaka Machi iishe. Sheria inasema watoto. Haisemi kitu kuhusu wenye vituo. Bi Stefka aliisoma mara nne siku ilipotoka, na mara zote nne alimshukuru Mungu kwa usahaulifu wa wakubwa.

Kwa watoto, hata hivyo, hakuwa na mchezo. Mwenye duka la magari pale njia panda aliwahi kumleta mwanawe tarehe mbili Januari bila fomu, akieleza kwamba daktari wao yuko likizo Florida. Bi Stefka alimvalisha mtoto kofia yake palepale mlangoni.

"Sheria ni sheria," alimwambia. "Msalimie daktari. Mwambie atuletee machungwa."

Sasa, pale penye kutundikia makoti alisimama dubu wa kadibodi, mrefu kama mtu mzima. Mtoto akishachomwa sindano, kesho yake anakuja na plasta yake na kuibandika kwa gundi juu ya dubu, upande wa pamba ukitazama nje, mbele ya wenzake wote. Wazazi wanaleta fomu, watoto wanaleta plasta, na kama unataka ukweli, iliyokuwa na heshima ni plasta. Zilikuwepo za dinosau, za nyota, za malori. Zote zilikuwa na kidoa cha damu katikati, na watoto walizikagua kwa makini kuliko mtu wa benki anavyokagua noti. Mkaguzi aliwahi kuandika kwamba dubu yule ni uchafu, basi Bi Stefka akamzungushia nailoni ya kufunikia vyakula, inayofunuliwa kwa sherehe tu.

Na kifuani, penye moyo wa dubu, palikuwa na plasta ya kahawia ya Bi Stefka mwenyewe, mpya kila msimu wa baridi. Plasta hiyo ilitoka kwenye kabati la dawa ikaenda moja kwa moja kwa dubu. Haikuwahi kupita kwenye mkono wa mtu. Mchezo huo aliucheza miaka mingi bila mtu kumshtukia, mpaka mjukuu wake Zuzia alipofika umri wa kuangalia vitu kwa karibu.

Zuzia alikuwa na miaka minne na miezi kumi, mapengo mawili, na msimamo. Mwaka huo mama yake, Marzena, alikuwa ndiyo kwanza apate kazi ya kuendesha lori la mji la kusukuma theluji. Alikuwa kwenye majaribio mpaka majira ya baridi yaishe. Theluji yetu haina adabu, inaanguka alfajiri, inaanguka mchana, na simu ikilia dereva anatakiwa awe kwenye lori ndani ya saa moja. Zuzia akikosa Vifaranga, Marzena hana wa kumwachia mtoto, kwa maana bibi yuko chini na watoto ishirini na tano wa watu, na sheria hairuhusu wa ishirini na sita akae nao bila chanjo. Januari, Februari, Machi. Miezi yenyewe ya theluji. Kazi ingekwenda na maji.

Basi katikati ya Desemba Marzena alimpeleka binti yake kliniki. Walirudi kama walivyokwenda. Marzena akampigia mama yake simu.

"Mama, amekataa. Amekunja mikono, anasema atachomwa Bibi akichomwa."

"Mwambie mimi nilishachomwa Oktoba. Plasta si iko kwa dubu?"

"Nimemwambia. Anasema plasta yako haina damu."

"Damu ya wazee ni nzito," alisema. "Haitoki ovyo ovyo. Nisubiri, nimeacha kitu motoni."

Walijaribu kumbembeleza kwa pipi, kwa katuni, kwa ahadi ya kupanda lori la mama yake na kupiga honi. Zuzia alikubali kupiga honi, sindano alikataa. Kliniki ilibaki na nafasi moja tu, tarehe thelathini na moja, kabla ya saa sita mchana.

Mkesha wa Krismasi walikaa mezani nyota ya kwanza ilipotokeza, kama ilivyo ada. Palikuwa na supu nyekundu ya bitiruti, samaki, pierogi, vile vimfuko vya unga vilivyojazwa kabichi, na sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni ambaye hajaalikwa. Zuzia alikuwa anachambua miba.

"Bibi, ni kweli leo usiku wa manane wanyama wanaongea?"

"Kweli kabisa," alijibu Bi Stefka huku akigawa supu, bila kufikiri. "Ng'ombe, mbwa, farasi, wote wanaongea."

"Na dubu?"

"Na dubu pia, mama."

"Basi nikimaliza samaki nashuka kumwuliza Bwana Dubu kama ulichomwa."

Upawa ulisimama hewani. Bi Stefka alijua vizuri kwamba kadibodi haina mdomo. Lakini pia alijua kwamba mtoto akishuka ataitazama ile plasta tena, nyeupe pe katikati, na wiki ijayo hakuna nguvu itakayompandisha kwenye kiti cha kliniki.

"Nimesahau chumvi chini," alisema.

"Chumvi hii hapa, Mama," alisema Marzena.

"Nataka chumvi nyingine."

Alishuka na kijiko cha supu amekikinga kwa kiganja. Alifunua nailoni, akachovya kidole cha mwisho, akadondosha tone moja katikati ya plasta, akalipuliza likauka. Lilikuwa tone zuri. Alirudi juu akiwa ametulia, bila chumvi yoyote, akamkuta Zuzia amemaliza samaki kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana katika ukoo ule.

Mtoto alishuka. Walimsikia akiburuta kiti. Kisha akarudi.

"Haya, dubu kasema nini?" Marzena aliuliza.

"Hajasema. Bado mapema. Lakini sasa ana damu."

Bi Stefka alishusha pumzi na kunyoosha mkono kuchukua pierogi.

"Nimemnusa," Zuzia aliendelea. "Dubu ananuka supu."

Marzena alimtazama mama yake. Kisha akatazama kidole cha mwisho cha mama yake, chekundu mpaka kwenye kifundo.

"Mama."

"Kula."

"Mama, umempaka dubu supu?"

"Kula, itapoa."

Marzena alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Kisha kicheko kikakatika, maana alikumbuka tarehe. "Zimebaki siku saba," alisema polepole. "Mama, kazi hii naipenda. Usinifanyie hivi."

Bi Stefka aliona aibu, aibu halisi, ile inayowasha masikio. Miaka yote hiyo aliwafukuza watoto wa watu kwa karatasi, na yeye mwenyewe alikuwa anajipitisha kwa plasta ya kabatini. Zuzia hakucheka hata kidogo. Alikuwa anamtazama bibi yake kwa macho makubwa.

"Kwa hiyo huna chanjo kabisa?"

"Sina, mjukuu wangu."

"Na tarehe mbili je?"

Bi Stefka alidhani mtoto anajihofia mwenyewe. "Tarehe mbili tutakuwa tumeshamaliza," alisema. "Nitachomwa mimi kwanza, utanitazama, halafu wewe."

Alilisema kwa sauti imara. Usiku ule hakugusa tena pierogi, na mwenye kumjua Bi Stefka ataelewa uzito wa jambo hilo.

Tarehe thelathini na moja walifika kliniki saa tano. Nesi alikuwa Delfina, mwanamke mpole mwenye soksi zenye picha za mapera. Bi Stefka alianza kuvua nguo za baridi: koti, sweta, sweta jingine, kizibao, shati la mume wake. Kwa kila nguo alikuwa na hadithi. Alipofika kwenye fulana alikuwa amesimulia upasuaji wa kibofu cha shemeji yake, na saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Mkono upi, Bi Stefka?" aliuliza Delfina.

"Upi una nafuu?"

"Yote sawa."

"Basi ngoja niifikirie."

Nje theluji ilianza kudondoka, kubwa kubwa. Simu ya Marzena ililia. Alisikiliza, akasema ndiyo bosi, ndiyo bosi, akakata. "Wananitaka saa sita na nusu kamili," alisema. "Mama, nakuomba."

Bi Stefka alisimama. Alikuwa ameacha kitu motoni, alisema. Harufu yake anaisikia toka pale. Alikuwa amekwisha kulishika sweta la kwanza Zuzia alipoteremka kwenye kiti, akaja, akamshika mkono, akamkalisha tena. Kisha akaanza kuongea kwa sauti ambayo si yake. Ilikuwa ya Bi Stefka mwenyewe, ile ya kila mwaka.

"Usiangalie sindano, mpenzi. Angalia dirishani. Hesabu magari mekundu."

"Hakuna magari, kuna theluji tupu."

"Hesabu theluji basi. Na ukitaka kupiga kelele, piga, lakini piga za simba. Kelele za simba zinaruhusiwa."

Bi Stefka aligeukia dirisha. Akahesabu tatu, nne. Kisha akanguruma. Hakuna aliyewahi kusikia kitu cha namna ile kwenye kliniki ile. Mlango wa pili mtoto mchanga alinyamaza kulia ili asikilize, na kalamu ya Delfina ikaanguka ikabiringika mpaka chini ya kabati.

"Nilishamaliza kabla hujaanza kunguruma, mama," alisema Delfina. "Vaa tu."

Zuzia alipanda kwenye kiti na kukunja mkono wa shati mwenyewe. Sindano iliingia na kutoka. Hakuhesabu kitu, hakupepesa jicho, aliuliza tu kama zipo plasta za malori.

Bi Stefka alimgeukia. "Wewe! Kumbe huogopi?"

"Mimi naogopa nini?"

"Sasa wiki mbili zote hizi ulikuwa unatusumbua kwa sababu gani?"

Zuzia alimtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mtoto. "Plasta yako haikuwa na damu," alisema. "Sheria ni sheria. Tarehe mbili wangekuvalisha kofia na kukufukuza Vifaranga. Sasa nani angebaki na sisi?"

Marzena aligeukia ukuta. Bi Stefka alimvuta mtoto kifuani, sweta moja mkononi na jingine sakafuni, akamng'ang'ania hivyo mpaka Delfina alipowakumbusha kwamba kliniki inafungwa na lori la theluji haliendeshwi na mtu anayelia. Marzena alikimbia. Alifika kazini dakika tano kabla ya wakati.

Tarehe mbili Januari watoto walikusanyika mbele ya dubu. Nailoni ilifunuliwa. Zuzia alibandika plasta yake ya lori, yenye kidoa chekundu safi, wakamshangilia. Kisha Bi Stefka, mbele ya wote, aliibandua ile plasta ya supu na kuitupa, akapandisha mkono wa gauni, akabandua ya kweli, akaibandika penye moyo.

Watoto wakasogea. Delfina ana mkono mwepesi mno: plasta ilikuwa nyeupe pe.

"Haina damu!" alipiga kelele mmoja. "Bibi hajachomwa!"

"Haina! Haina!" wakaitikia wengine wote.

Bi Stefka alifungua mdomo kujitetea. Ndipo Zuzia akasimama mbele ya dubu, mikono kiunoni.

"Amechomwa," alisema. "Mimi nilikuwepo. Alinguruma."