Nilivyowafasiria Majirani Ramani ya Mji

Neno la kwanza kunitia kichefuchefu lilikuwa akajagari. Kwa Kinyarwanda ni fujo, vitu vilivyotupwa ovyo, na ofisini ndilo jina la nyumba zilizojengwa bila mpango. Nyumba za mtaa wetu wa Waislamu hapa Gisenyi zilikuwapo kabla ramani yenyewe haijachorwa. Lakini akutukanaye hakuchagulii tusi.

Siku nilipolisikia tulikuwa tumemaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tumezibua mfereji, tumekaa na majembe yetu kusikiliza mkutano. Afisa wa ardhi alitundika ramani ya rangi rangi ukutani. Wazee wa mtaa wanaelewa Kinyarwanda cha nyumbani, si kile cha ofisini, kwa hiyo nikaombwa nifasiri kwa Kiswahili. Nimekulia Tanzania, nina Kiswahili cha shule, na hicho Kinyarwanda cha ofisini nimejifunza kukisoma, na kusema kweli nilipenda kuombwa. Nilisimama nikakung'uta matope kwenye suruali kama mbunge.

Mpango kabambe, nikawaambia, ni ramani inayosema kila kipande cha mji kitumike kwa kazi gani. Nyekundu ni biashara, kijani ni mahali pasipojengwa, njano ni makazi. Jirani yangu, mjane fundi cherehani ninayemwita mama, akanyoosha mkono.

"Na sisi tuko mu rangi gani?"

"Njano, mama."

"Bon. Njano ni nyumba. Donc tunabakia?"

Nilimfikishia afisa swali, naye akajibu kwa upole: hapo ni makazi ya msongamano mkubwa, mtaa utahuishwa kwa awamu. Maana yake niliijua. Karatasi aliyonipa nisome ilisema wazi kwamba hapo zinatakiwa nyumba za ghorofa tu, na chumba cha matofali ya udongo hakipewi kibali, hata kiwe jiko. Nilimtazama afisa, naye akatabasamu. Karatasi za kiwanja changu mwenyewe zilikuwa mezani kwake zikisubiri sahihi. Nikamgeukia mama.

"Ni makazi, mama," nikasema. "Mtaa utatengenezwa."

Watu wakapiga makofi. Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa niliishika mimi. Najionea kinyaa mpaka leo.

Baada ya siku chache mama akaanza kujenga. Binti yake alikuwa amekimbia vita vya Goma na watoto watatu, wamevuka mpaka pale Grande Barrière na godoro moja, na sasa walikuwa wakilala chini ya meza ya cherehani. Alitaka vyumba viwili tu nyuma ya nyumba, binti asiende mbali naye tena. Kila asubuhi nilipita nikaona kuta zinapanda. Ningeweza kusimama nikasema. Nilisalimia, nikasifu ukuta. Siku moja nilimshikia hata kamba ya kupimia, kwa mikono hii hii.

Waliokuja kubomoa walikuja saa nne asubuhi, na adabu zao zote. Hawakumtukana mtu. Walisema ni ujenzi usiozingatia matumizi ya ardhi, maneno safi kama sahani ya hotelini, kisha wakainua nyundo. Binti akafunga godoro, akachukua watoto, akaenda kutafuta chumba huko Mudende, kwenye baridi na mashamba ya viazi, asikojua mtu.

Jioni nikaenda kumpa mama pole. Njia nzima nilikuwa nimejipanga kumwambia ukweli. Nilimkuta anapangusa vumbi la udongo kwenye cherehani.

"We ulisoma ile karatasi," akaniambia. "Ilikuwa imeandikwa hivi?"

Ningesema ndiyo angenitukana, na ningestahili.

"Sikuielewa vizuri, mama," nikasema.

Akaniangalia kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, akanisogezea kiti.

"Basi usijisumbue, mutoto wangu. Maneno yao iko nguvu. Hata we mwenye kusoma walikudanganya."

Akanimiminia chai. Nikainywa yote, na alipouliza kama aongeze, nikampa kikombe.