Alama Nne za Mwalimu Naftali

Mume wangu, Mwalimu Naftali Ntandu, hakuwa amelewa siku mbunge alipopata alama nne kati ya kumi. Wala hakupewa pikipiki baadaye ili anyamaze. Naanza na haya mawili kwa sababu ndiyo yanayosemwa hapa Sepuka kwenye mashine ya kukamua alizeti, watu wakisubiri zamu, na mwezi uliopita yalisemwa mbele ya binti yangu Lea, aliyekuja kulisafisha kaburi la baba yake. Aliyeyasema simtaji. Nilimfundisha jiografia darasa la sita, na hata wakati ule alikuwa anajibu kabla ya kusoma swali.

Pikipiki nyekundu iliyokuwa ikilala uani kwetu ilikuwa ya Mwalimu Paskali. Kwake hakukuwa na uzio. Hilo limekwisha.

Naftali alizaliwa Mgori, karibu na msitu, nyumba ya mkulima mwenye ng'ombe wachache na watoto wengi. Tulikutana chuo cha ualimu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake moja jeupe alilifua kila jioni. Tulipofunga ndoa tulipangiwa shule moja isiyokuwa na nyumba hata moja ya mwalimu. Mwalimu mkuu akatufungulia stoo. Tulilala kati ya majembe, mipira iliyopasuka na mbao za zamani za kuandikia, miezi kumi na minne. Lea alizaliwa humo. Upepo wa Singida mnaujua. Mwezi wa nane ulikuwa unaingia chini ya mlango na kutuachia vumbi hadi kwenye unga. Naftali alikuwa ananiambia, "Mama Lea, vumilia. Wakija wengine baada yetu hawatalala stoo."

Ndiyo maana aliingia kwenye chama cha walimu. Hakuingia kutafuta cheo, ingawa cheo alikipata, akawa mwenyekiti wa wilaya miaka kumi na mmoja, na alikipenda. Sitadanganya. Alipenda kuitwa "Mwenyekiti". Alikuwa na koti la kijivu la mikutano, na nilipolipiga pasi alisimama karibu kuangalia nisije nikaliunguza.

Mwaka 2022 chama kiliamua kwamba kupiga kelele peke yake hakutoshi; walimu wajifunze kuzungumza na wabunge ana kwa ana. Kila wilaya iandae watu wake. Naftali akachagua walimu kumi na mmoja, na suala moja tu, nyumba za walimu. Akawakusanya Jumamosi nne, kwenye darasa la tano la shule ya hapa. Nilikuwa nimestaafu uratibu wa elimu kata, nikawa napeleka chai na viazi vitamu. Zile Jumamosi nne ninazikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Naftali alijifanya mbunge. Alivaa koti la kijivu, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akashika simu na kuichezea wakati mtu anazungumza. Sheria zake zilikuwa chache: dakika tatu, jambo moja, na usiondoke bila kuomba tarehe.

Paskali, mwalimu wa hisabati, alianza.

"Mheshimiwa, shule yetu ina walimu kumi na saba na nyumba tatu. Kumi na saba toa tatu, inabaki ngapi?"

"Unaniuliza mimi?" Naftali akasema.

"Ndiyo. Lakini nyoosha mkono kwanza."

Darasa zima liliangua kicheko, na Paskali mwenyewe alikuwa wa mwisho kuelewa kwa nini. Mwalimu akifundisha miaka ishirini hajui tena kuzungumza na mtu mzima. Magreth wa darasa la awali alimaliza hoja yake akasema, "Haya, tumpigie Mheshimiwa makofi matatu." Mwingine alimwambia aiweke simu mezani hadi saa ya kutoka.

Agripina ndiye aliyekuwa na shida tofauti. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mpole, anaishi nyuma ya darasa la nne, sehemu iliyotengwa kwa magunia. Alisimama, akamshukuru Mheshimiwa kwa muda wake, akamshukuru kwa barabara, kwa kisima, kwa afya njema ya familia yake.

"Mwalimu," Naftali akamkatiza, "dakika tatu zimekwisha na bado unanishukuru."

"Samahani, Mwenyekiti."

"Usiniombe samahani. Mimi, Mama Lea alinizalia mtoto kwenye stoo na mimi nilishukuru hivyohivyo kila alipokuja mkubwa. Ndiyo maana tulikaa miezi kumi na minne. Anza upya. Unalala wapi?"

Agripina akaanza upya. Jumamosi ya tatu alikuwa anamaliza kwa dakika mbili na nusu, na Paskali alikuwa anamwita "Wakili".

Jumamosi hiyohiyo ndipo ilipokuja rasimu. Mbunge mmoja, ambaye naye simtaji, alikuwa amekubali kukutana na walimu kwenye ukumbi wa wilaya, na ofisi yake ikatuma mapema kurasa mbili za mambo aliyokusudia kuyasemea kuhusu elimu, ikiomba maoni. Katibu wa chama, Benjamin, alileta nakala mbili. Naftali aliwasomea. Nyumba za walimu zilikuwa mstari mmoja, "zitaangaliwa kadiri hali itakavyoruhusu".

"Hii ingekuwa insha ya darasa la saba, mngeipa ngapi?" akauliza.

Ulikuwa mchezo wa darasani, wa kuwafundisha kusoma kwa makini. Kila mwalimu alitoa alama yake. Paskali alikokotoa wastani ubaoni, ukaja nne. Naftali akatoa kalamu nyekundu, akapiga mistari, akauliza pembeni "Lini?" na "Wapi?" na "Nani?", na chini kabisa akaandika 4/10, Rudia kazi. Walicheka hadi chai ikapoa. Nakala ya pili ilibaki safi, na maoni ya heshima yakaandikwa kwenye karatasi ya peke yake, yaambatanishwe nayo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hata watoto wangu hawalijui.

Jumatatu asubuhi Benjamin alipita na gari kuchukua bahasha. Alikuwa anapiga honi barabarani. Naftali alikuwa ananyoa ndevu uani, mimi niko mezani. Bahasha zote za nyumba ile niliandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Nakala zote mbili zilikuwa mezani, zimekunjwa, kila moja na karatasi zake.

"Mama Lea, fungua uangalie ndani kwanza," akaniambia kutoka nje.

Nikamjibu, "Nilikuwa nafunga bahasha za serikali kabla wewe hujawa mwenyekiti wa kitu chochote."

Sikufungua. Nilichukua ya juu, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina la Mheshimiwa kwa herufi nzuri, nikampelekea Benjamin.

Jioni Naftali aliikuta nakala safi mezani. Hakunigombeza. Alimpigia simu Benjamin, na Benjamin alikwisha kuikabidhi.

Siku ya mkutano nilikwenda, nikakaa nyuma. Mheshimiwa alisimama, akaikunjua karatasi ile, akaiinua. Nyekundu ilionekana hadi nilipokuwa.

"Nilisoma hadi chuo kikuu," alisema, "na sijawahi kupata nne. Nani amenisahihisha?"

Niliwaona wale kumi na mmoja wakiangalia viatu vyao. Wangeweza kupoteza kazi, au waliamini hivyo. Paskali alianza kuinuka. Naftali alimwekea mkono begani, akasimama yeye.

"Ni mwandiko wangu, Mheshimiwa."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Ulikusudia niione?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Angesema mke wangu alikosea bahasha, na watu wangecheka, na jambo lingekwisha. Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu.

"Imefika kwako," Naftali akasema. "Niliyoyauliza pembeni ni maswali ya kweli. Alama naziondoa, nakuomba radhi. Maswali yabaki."

Mheshimiwa alimwangalia. "Ungenifundisha wewe ningepata ngapi?"

"Sita. Saba ukinyamaza darasani."

Ukumbi ulicheka, na Mheshimiwa alicheka pia. Lakini viongozi wa chama hawakucheka. Wiki iliyofuata walimwita, wakamwambia kwamba mazungumzo hayawezi kuendelea akiongozwa na mtu aliyemdhalilisha mbunge. Walimwomba akae pembeni. Alijiuzulu siku hiyohiyo, kwa barua ya mistari minne, na bahasha aliandika mwenyewe.

Kwa hiyo mkutano wa pili ulipofanyika, ndiyo, alikaa safu ya nyuma na hakusema neno. Huo ndio ukimya mnaousema umenunuliwa. Hakuwa na ruhusa ya kusema. Agripina alisema. Alisema dakika mbili na nusu, wapi analala, paka wangapi wanapita juu ya magunia, na mwishoni akaomba tarehe. Akapewa mwezi wa sita. Naftali aliangalia saa yake, akatikisa kichwa kuridhika, kama alivyokuwa akifanya darasani mtoto akisoma bila kukwama.

Nyumba ilijengwa, ya familia mbili, bati la bluu. Agripina anaishi upande mmoja, na uani amepanda mchicha. Hiyo pia inasemwa ni malipo ya Naftali, naye hakulala humo hata usiku mmoja.

Alistaafu mwaka uliofuata. Koti la kijivu hakulivaa tena, hata kanisani. Wanachama wa zamani walipita, wakamwita Mwenyekiti kwa mazoea, akawasahihisha, "Mwalimu tu." Alikuwa analima vitunguu na kusikiliza redio. Mwaka jana mwezi wa tatu moyo ulimshinda.

Nimeandika haya ili Lea na ndugu zake wajue kwamba baba yao hakulewa, hakununuliwa, na hakukosea bahasha. Bahasha nilikosea mimi, kwa kiburi, na yeye aliibeba hadi kaburini bila kunitaja kwa mtu yeyote.

Lea amekwisha kuyasoma, na ameniuliza kama niliwahi kumwomba baba yake msamaha, na kama nilimwomba, alinijibu nini. Hayo ni ya mimi na mume wangu. Siyasemi kwake, wala kwa mtu mwingine.