Siku Mama Futi Alipopiga Hodi

Usiku ule Mama Futi alishona pindo la sketi moja mara tatu, na mara tatu akalifumua. Alikuwa fundi cherehani ambaye futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akiwa jikoni. Asubuhi majaji wangesoma hukumu ya kesi ya binti yake, na usingizi ulikuwa umemkimbia.

Binti alikuwa muuguzi. Jioni alipokea simu za watu wenye maradhi wasiyothubutu kuyataja hata kwa wenzi wao. Kisha ikaja sheria: kampuni za simu zihifadhi kwa miaka miwili nani kampigia nani, saa ngapi, akiwa wapi, na polisi wachukue wakitaka. Wagonjwa wakaogopa, simu zikapungua. Binti na wenzake wakaenda mahakamani. Wakishindwa, alisema, namba wanayompigia wagonjwa ataifunga.

Mama Futi hakusoma sana, lakini kesi aliielewa. Vipimo vya nusu ya mtaa vimo katika daftari lake miaka ishirini, na hakuna mume aliyewahi kuambiwa kiuno cha mkewe kimeongezeka inchi ngapi. Kwa binti yake tu ndipo kufuli hilo la siri lilipolegea. Kila mara aliingia chumbani mwa binti bila hodi, akaigeuza simu ya binti kuona nani kapiga.

"Mama, wateja unawafichia viuno," binti alizoea kumwambia, "mimi hata mswaki wangu unaukagua."

"Mtoto hakui kwa mamake."

Saa nane mchana binti aliingia, viatu mkononi.

"Enhe, mwanangu?"

"Tumeshinda, Mama. Sheria imefutwa. Hawaruhusiwi tena kurundika habari za kila mtu. Wakimshuku mtu, waende kwanza kwa hakimu waombe kibali."

Mama Futi akaketi juu ya lundo la vitambaa. "Yaani wapige hodi."

"Wapige hodi. Wao wameshafundishwa. Kabaki mtu mmoja humu ndani."

Wakacheka mpaka machozi. Kisha simu ikalia. Binti akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mama Futi akampelekea chai. Mkono ukashika kitasa kwa mazoea, akauondoa kama umegusa pasi ya moto. Akagonga.

"Hodi."

"Bado kidogo, Mama."

Hakuwahi kujibiwa hivyo nyumbani kwake. Akashangaa kwamba hakuudhika. Akaiweka chai kwenye kigoda kando ya mlango, akaifunika kwa sahani, akarudi kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu, ili asisikie neno.