Uji Haukuwa Chakula

Jambo hili, ndugu zangu, silisimulii kwa wepesi, kwa maana aibu yake ningali nayo hata leo. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa Machi, mwaka wa 1953 (tarehe huwa sikosei), nilipompeleka mume wangu, Baba Moraa, hospitalini Kisii akapasuliwe ngiri iliyomzuia kulima. Tulikuwa tumeagizwa aje bila kula, lakini alfajiri nilimhurumia, nikampa kibuyu cha uji mzito wa wimbi na ndizi mbivu, wala sikuona kwamba nimevunja agizo, kwani kwetu Wagusii asiyekula obokima, yaani ule ugali wetu wa wimbi, hajala, hata tumbo likijaa namna gani.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji dresa, yaani msaidizi wa daktari, Mjaluo mmoja mpole, akaniuliza, "Mama, mzee amekula?"

"Hajala."

"Hata kidogo?"

"Bwana dresa, nimesema hajala. Mimi nasoma darasa la watu wazima kule misheni, Kiswahili nakielewa."

Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka, nami (maskini mimi) nikadhani wanamcheka yeye.

Haukupita muda mrefu dresa akatoka, aproni yake imelowa uji. "Mama, hiki ni nini?"

"Ni uji."

"Si ulisema hajala?"

"Uji hunywewa, bwana. Hauliwi."

"Haya, mwalimu ametufundisha," akasema mama mmoja, na benchi zima likaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze.

Kisha akatoka daktari mpasuaji mwenyewe, Mzungu, naye hakucheka. Dresa akanifasiria: dawa ya usingizi hulegeza koo, kilichomo tumboni hupanda na kuingia mapafuni, mume wangu alitapika kabla ya kisu kumgusa, na sasa hawakuhofia ngiri tena, walihofia kifua. Kicheko kikakoma.

Baba Moraa alipozinduka, daktari alimwuliza ni nani aliyemlisha. Alinitazama, akakohoa, akasema, "Nilijinywea mwenyewe kwa siri. Mama Moraa alikuwa amelala." Nami, mwenye Kiswahili changu chote, nilinyamaza.

Homa ya mapafu ilimchukua kabla mwezi haujaisha.

Tangu hapo nimeapa: mpasuaji akiniuliza, nitamtajia kila kilichopita midomoni, uji, maji, tunda, hata mizizi ya mganga, nisingoje alitaje neno chakula. Nanyi fanyeni hivyo, msione haya. Haya ya kusema hupita, lakini haya ya kunyamaza ndiyo hii niliyo nayo. Maana siku ya mazishi nilisikia wazee wakinong'onezana karibu na kaburi, "Mtu mzuri, ila ulafi ndio uliomponza," nami niliyezoea kumsahihisha kila mtu sikumsahihisha hata mmoja.