Pole au Hongera

Mnasihi wa kikundi chetu cha walionusurika ajali ya boti, pale Rusimbi, ana mikono isiyotulia. Kabla ya kikao husukuma viti vikae duara, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Wazee wakivipanga mistari kama kanisani, yeye huvirudisha duara. Amehamishiwa huku kutoka Iringa, na "pole sana" yake ni laini kama uji wa mgonjwa. Humpa kila mtu, hata aliyepiga chafya tu.

Juzi alimsihi Melania wa Mwamgongo, ambaye Kiswahili chake huishia sokoni Katonga na kikaoni hajawahi kufungua mdomo, aseme kwa lugha aipendayo. Melania akasema kwa Kiha, kwa kirefu, macho chini. Mnasihi aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho, akamshika mkono, akanong'ona, "Pole sana, mama."

Tukaangua kicheko. Melania mwenyewe alicheka hadi kitenge kikamlegea.

"Dada," nikamwambia mnasihi, "amesema kwamba jana, kwa mara ya kwanza tangu ajali, alilala mpaka asubuhi."

Mnasihi akaona haya, akabeba kiti chake, akakibana kati yangu na Melania. Siku hizi mtu akimaliza kusema Kiha, mnasihi kwanza hunikanyaga mguu: "Hii ni pole au hongera?"