Biblia Chini ya Gunia

Jumapili iliyopita, kanisani Malava, mwanamke mmoja alisimama kutoa ushuhuda huku akikunja na kukunjua leso yake. Nikamkumbuka Mama.

Nilikuwa mdogo, na ushirika wa maombi ulikuwa kwetu alasiri hiyo. Sebule ilinuka chai ya maziwa na sweta zilizonyeshewa. Mama alisimama.

"Wapendwa," alisema, "tangu tuzike mtoto, siombangi. Mkiomba, nafunganga macho tu."

Mvua ilipiga mabati. Niliamini watamfukuza ushirikani, basi nikakimbia na Biblia yake jikoni, nikaificha chini ya gunia la mahindi wasije wakamnyang'anya.

Niliporudi, jirani yetu Mama Ayubu, ambaye amina yake ilisikika mpaka barabarani, alikuwa amesimama pia. "Hata mimi," alisema, "mwaka wa pili sasa." Akaketi karibu na Mama. Wakati wa kusoma, Mama alitafuta Biblia yake asiione, wakasomea ya Mama Ayubu, mabega yakigusana.

Yule mwanamke wa Malava alimaliza kusema kwamba naye haombi tena. Nilisubiri mtu asimame. Nilitazama mlango, nikatazama viatu vyangu. Kisha nikasimama.