Kimo cha Dirisha la Bwana Shamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika uzi. Nilikuwa kijana mwenye mabavu, nimekuja kwenye majengo ya misheni nje kidogo ya Songea nikitarajia kupewa mwiko wa kujengea, lakini Bruda Msimamizi akanipa ncha ya uzi. "Shika hapa, usitikisike," akasema. Ncha ya pili ilifungwa kwenye kigingi, na mafundi wakapanga matofali kwa kuufuata. Nikijikuna tu, Bruda anafoka: "Umejikuna wewe, umepinda ukuta!" Baadaye sana niling'amua kwamba hata upande wangu kigingi kingetosha. Bruda alitaka kuona kama naweza kutulia.

Kwake nilikaa miaka saba. Nilijifunza timazi, kile chuma kinachoning'inia kwenye uzi kumwonyesha fundi kama ukuta umesimama wima. Nilijifunza mpira wa maji: unaujaza maji, mnashika ncha zake pande mbili za kiwanja, na maji yenyewe yanawaambia usawa uko wapi. Ninyi wa siku hizi mna mashine zenye taa nyekundu. Sizibezi, ila maji hayaishiwi betri.

Kutoka hapo nilichukuliwa na Injinia wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuja saiti kwa pikipiki na hakuvua kofia yake hata akila ugali. Alinipeleka Mbesa kujenga nyumba za watumishi, kisha vijiji vya Namtumbo kujenga madarasa. Siku moja nilimuuliza ukingo wa chini wa dirisha uanzie wapi.

"Kozi tisa, Fundi! Kozi ni mstari mmoja wa matofali. Unajua kuhesabu? Panga tisa, weka dirisha. Usiniulize tena."

Sikumuuliza tena, wala sikumuuliza mtu mwingine. Nilipanga kozi tisa miaka thelathini, mpaka mkono ukazoea nikawa sihesabu. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mimi nilidhani wanawasema wengine.

Nilikuwa nimeshaacha kazi ya serikali, nikiwajengea watu binafsi mjini, ndipo Msanifu aliponipigia simu. Msanifu majengo ni yule anayekaa na mwenye nyumba, akamsikiliza, kisha akaichora nyumba inayomfaa. Kwetu wengi hawajisumbui naye. Humwonyesha fundi nyumba ya jirani wakasema, "Kama ile, ongeza chumba kimoja." Huyu alikuwa binti wa hapahapa, amesoma Dar es Salaam akarudi, na mimi nikawa fundi mkuu wake.

Tulianza kwa kuwatembelea wenye nyumba, waliokuwa wamepanga mtaa wa Mfaranyaki. Mke alikuwa mwalimu mstaafu, wote tukimwita Mama Mwalimu. Mumewe alikuwa bwana shamba, ofisa kilimo aliyezunguka miaka mingi kwa wakulima wa mahindi na tumbaku. Kiharusi kilikuwa kimempiga, kikamwachia mkono mmoja wenye nguvu na maneno ya kuhesabu.

Msanifu hakutoa kalamu. Alikula nao, akaosha vyombo, ndipo akauliza: "Mama, baba anapenda kukaa wapi?"

"Hapo mlangoni. Anaitafuta Matogoro," Mama Mwalimu akajibu. "Zamani alikuwa akiitazama milima ile, akiona wingu limeshuka hivi au vile, anajua awaambie watu wapande lini. Hapa tulipo anaona ukuta wa jirani tu. Nataka nyumba ambayo ataiona Matogoro akiwa amekaa kwenye kiti chake. Hilo tu, mwanangu. Vigae na rangi mtachagua ninyi."

Msanifu akatoa futi, akapiga magoti mbele ya Bwana Shamba. "Baba, samahani kidogo," akasema, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye jicho lake. Nilicheka moyoni. Nilidhani anampimia kiti, kama fundi seremala.

Michoro ilipokuja niliisoma vizuri, au ndivyo nilivyojiambia. Milango mipana ili kiti chenye magurudumu kipite, nikakubali. Mteremko badala ya ngazi, nikakubali, hata nikamsifu. Lakini dirisha la sebuleni, upande wa Matogoro, lilianzia sentimeta sitini kutoka sakafuni. Hizo ni kozi nne! Nani aliona wapi? Kuku wataingia, na mwizi ataruka kama anavuka mfereji. Nikasema binti ameteleza kalamu, mtu mzima nimstiri. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na namba yake ninayo. Sikupiga. Niliweka madirisha kabla yeye hajazaliwa, nimpigie kumuuliza nini? Nikapanga kozi zangu tisa.

Yeye alikuwa Mbinga kwa wiki mbili, kwenye kazi nyingine. Siku aliyorudi, ukuta wa sebule ulikuwa umefika mabegani mwangu, na siku hiyohiyo Mama Mwalimu akamleta mumewe kwa bajaji aione nyumba. Tulimbeba na kiti chake tukamweka katikati ya sebule, akitazamana na nafasi ya dirisha. Mama Mwalimu alikuwa anatabasamu kama bibi harusi.

Bwana Shamba alitazama. Akanyoosha shingo. Akajaribu kujiinua kwa ule mkono wake mzima, ukashindwa, akarudi kitini. Kisha akafumba macho.

"Amechoka," Mama Mwalimu akasema taratibu. "Twende, Baba Tumaini. Tutakuja siku nyingine." Akaenda kumwita dereva, na niliona anajifuta kwa ncha ya kanga.

Msanifu hakupandisha sauti. Alikuwa ameshanisalimu shikamoo asubuhi, na heshima yake haikupungua. Alipindua ndoo tupu kando ya kiti cha Bwana Shamba. "Mzee, naomba ukae hapa."

Nikakaa.

"Unaona nini?"

"Matofali."

"Na juu ya matofali?"

"Mbingu."

"Na Matogoro?"

Milima ilikuwa palepale, nilikuwa nimeitazama wiki mbili nzima nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeijenga nyumba kwa ajili ya watu waliosimama, na mwenye nyumba hasimami.

"Msanifu, nimekosa," nikasema. "Nilidhani umekosea wewe."

"Ungenipigia, mzee wangu," akasema. "Lakini udongo uwahi ungali maji. Saruji bado mbichi?"

"Ya juzi."

Nilitoka nje mbio nikamzuia dereva wa bajaji. "Mama Mwalimu, nipe saa moja. Tafadhali." Nikachukua nyundo na patasi mwenyewe. Vibarua walitaka kunisaidia, nikakataa. Nilisimama upande wa nje ili vumbi lisimfikie mzee, nikaanza kung'oa matofali yangu moja moja. Kozi ya tisa ikatoka, ya nane ikatoka. Kwenye ya sita Bwana Shamba alifumbua macho. Ilipotoka ya tano aliinua mkono wake mzima, akanipungia nisogee, kwa maana sasa aliyeziba nilikuwa mimi.

Nikasogea.

"Matogoro," akasema. Halafu, baada ya kutafuta kidogo: "Mvua bado."

Mama Mwalimu alilia waziwazi, na mimi nililia. Sioni haya kuiandika.

Bwana Shamba aliishi mbele ya dirisha lile misimu minne ya kupanda. Majirani wa Msamala, mtaa ilipo nyumba ile, walikuwa wakipita kumuuliza kama wamwage mbegu, naye anatikisa kichwa au anakiinamisha. Alipofariki, Mama Mwalimu hakukiondoa kile kiti. Nikienda kumsalimia ananikalisha hapo. Msanifu naye hunipigia kila akipata kazi mpya, eti kuniuliza ushauri. Najua ananibembeleza, na napenda sana.

Sasa nimestaafu, na magoti yameniambia nami nikae. Wakubwa walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kumbe inategemea dirisha lako liko kimo gani, maana nyumba yangu niliijenga mwenyewe enzi za Injinia, kozi tisa kila upande. Mwaka mzima nilikaa sebuleni nikimsikia mke wangu uani, jembe lake na nyimbo zake za kanisani, nisimwone.

Mwezi uliopita nilimwita fundi mmoja jirani. Aliondoa fremu ya dirisha, nami nikakaa kwenye kiti changu na kumwambia ang'oe kozi mojamoja mpaka nimwambie basi.

"Mzee, unaharibu dirisha zuri," akalalamika. "Likiwa chini hivi si kuku wataingia?"

"Waingie. Endelea."

Kozi ya kwanza nikaona paa la jirani. Ya pili, mgomba. Ya tatu, kilemba cha mke wangu, akipalilia mboga za maboga. Ya nne, uso wake. Akasimamisha jembe, akanitazama.

"Unacheka nini wewe?" akauliza.

Nikamwambia fundi, "Basi. Hapohapo."